Gesi Imeisha

Kiwandani kwetu, kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, tunafyatua ndoo na mabeseni. Plastiki inaingia kwenye moldi ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 200, na kinachoigandisha ni maji baridi yanayopita ndani ya chuma. Kazi ya kuyapoza ni ya chila iliyoko nyuma ya jengo, kongwe kiasi kwamba kibao chake cha maelezo kimeliwa na kutu, hakisomeki. Ikiwa na afya, inapokea maji ya nyuzi 12 na kuyarudisha yakiwa na 7. Mwezi wa pili, jua lilipokuwa halina huruma, ikawa inayarudisha na 16, huku ikinguruma kwa kujiamini.

Ndoo zikaanza kutoka zimebinuka matako. Meneja wa uzalishaji aliiweka moja mezani kwake. Ikayumba, ikajizungusha polepole, ikaanguka kwenye chai yake.

“Gesi imeisha,” akasema.

Kila mtu alikubaliana naye, kuanzia dereva wa forklifti hadi mama wa kantini. Nchi hii friji ikigoma, gesi imeisha. Kiyoyozi cha gari kikigoma, gesi imeisha. Nilijaribu kueleza kwamba hii si ile ya mtungi wa jikoni inayoungua mpaka ikakata. Hii inazunguka tu humo humo kwenye mabomba, na ikipungua ujue kuna mahali pamevuja. Mama wa kantini alinisikiliza kwa huruma, akaniongezea maharage.

Fundi friji akaja na mtungi wa R22, gesi inayozidi kupanda bei kwa sababu chini ya Itifaki ya Montreal nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Akafunga geji. Upande wa presha kubwa mshale ulikuwa unakaribia 300. Gesi ingekuwa pungufu, mishale yote miwili ingelala chini. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeshabaini ugonjwa mgonjwa akiwa bado mlangoni, akafungua koki akaongeza. Mashine ikapiga kelele moja, ikajizima kwa presha kuzidi.

“Kompresa imechoka,” akasema, akakunja mipira yake.

Aliyetuokoa ni mlinzi, naye hakuwa na habari kama anatuokoa. Nilimkuta nyuma ya jengo akianua sare yake juu ya chila.

“Shikamoo mzee. Hapo ndipo unapoanika?”

“Marahaba kijana wangu. Tangu enzi. Ila siku hizi mashine yenu imeharibika. Zamani upepo ulikuwa mwingi, nguo inakauka bila kuungua. Sasa upepo hakuna, joto tupu. Ona kola hii.”

Geji za fundi hazikutueleza vizuri hivyo. Feni moja kati ya mbili ilikuwa imekufa, juu yake imetandazwa suruali ya kaki, na penye upenyo ile nzima ilikuwa inavuta hewa kupitia kwenye tundu la mwenzake badala ya kupitia kwenye kondensa. Na hiyo kondensa yenyewe! Mashine ya kusagia chengachenga iko mita chache tu, na vumbi lake lilikuwa limeshonana na nyuzi za nguo kwenye mapezi mpaka likawa zulia. Nililibandua kwa mikono. Likatoka zima, ungeweza kulitandika sebuleni.

Tukaosha, tukabadilisha mota ya feni, tukapunguza gesi iliyozidi, tukasafisha na chujio la pampu. Jioni maji yakawa yanatoka na nyuzi 8, na kwa umri ule sidai zaidi.

Mzee amekuja kulalamika. Upepo umekuwa mkali mno, shati lake limekutwa limenasa kwenye senyenge za uzio. Meneja amemwahidi kamba ya kuanikia. Ombi liko kwa mhasibu, linasubiri saini.