Namna ya Kumnasa Waziri Anayekwepa Swali

Bunge linapokaa Dodoma, washa redio saa tatu asubuhi. Dua ikiisha, kipindi cha maswali hakichelewi. Shika kalamu uandike swali kama lilivyoulizwa: "Je, ni lini Serikali itaanza kujenga barabara hii kwa kiwango cha lami?" Unachosubiri ni tarehe, au basi hata mwaka wa fedha.

Naibu Waziri atasimama kujibu kwa niaba ya Waziri wake. Akisema Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, usiandike. Aliyempakia mjamzito kwenye bodaboda masika, tope likifika magotini, aliutambua zamani. Akitaja urefu wa barabara na wilaya inazounganisha, usiandike pia; mbunge anaijua barabara yake. Akifika kwenye upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, hapo tega sikio: umekamilika, unaendelea, au ndio kwanza utafanyika? Mara nyingi jibu huishia "pindi fedha zitakapopatikana", na chini ya swali karatasi yako inabaki nyeupe.

Yamebaki maswali mawili ya nyongeza, na ufundi wenyewe uko hapa. Kabla ya yote, mbunge atapongezwa kwa jinsi anavyowapigania wananchi wake. Meza zitagongwa. Kisha ataahidiwa kwamba baada ya Bunge wataongozana hadi jimboni kujionea hali halisi. Mbunge anaketi ametabasamu, swali limezikwa. Hapo lawama yangu inamwangukia mbunge kuliko waziri. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge madaraka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Anayekubali kunyamazishwa kwa sifa anayatupa madaraka yetu, si yake.

Karatasi yako itunze. Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge, kwa hiyo tafuta jibu lililotolewa mwaka uliopita ulilinganishe na la sasa. Halafu angalia bajeti ya wizara, maana mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na barabara isiyotengewa fedha humo haitajengwa kwa pongezi.

Mbunge wako akiitisha mkutano wa hadhara, nenda na karatasi hiyo. Nyoosha mkono, lisome swali lake mwenyewe, umuulize mbele ya watu: Mheshimiwa, ulijibiwa lini?