Tiki Niliyowekewa

Nina ugomvi na alama ya tiki. Si ile ya mwalimu wa hesabu, ambayo hata hivyo hatukuwahi kuzoeana. Naisema ile inayokaa ndani ya kisanduku, chini kabisa ya dirisha la sasisho, kwa maandishi ya kutafutiwa miwani, imeshawekwa kabla hujafika.

Kompyuta yangu ilikuja juu wakati nina makala ya mhariri mkononi. Programu fulani, ya kampuni ninayoisitiri, ilisema ina tundu la usalama na kwamba lisipozibwa haraka wezi wa mtandaoni wataingia. Mimi wezi nawaogopa. Nikabofya Endelea, Endelea, Nakubali, Maliza. Kompyuta ilipojizima na kujiwasha, kivinjari kilifungua ukurasa nisioujua, juu yake pameota mstari wa vitufe ambao sikuuomba, na pembeni amesimama mlinzi mpya wa virusi akinitangazia kwamba niko hatarini na nilipie ili anilinde. Nimekimbia wezi, nimekuta mlinzi anayedai mshahara ambaye sikumwajiri.

Nikaibeba mashine hadi kwa kijana wa stationery, yule anayechapa, anayetoa kopi na kutibu kompyuta za mtaa mzima. Akaitazama kidogo, akacheka.

"Mzee, hivi si virusi. Hivi umevikubali mwenyewe."

"Nimevikubali lini?"

"Pale kwenye tiki."

"Tiki sikuweka mimi."

"Ni kweli. Lakini hukuitoa."

Hukuitoa! Basi siku hizi ridhaa ya mtu mzima, mwenye wajukuu, hupatikana kwa kutofanya kitu. Ni sawa na kumwita fundi bomba azuie maji yanayovuja jikoni, naye akafika ameshika spana mkono wa kulia na mkono wa kushoto amemshika shemeji yake mwenye godoro. Ukiuliza, anakugeuzia karatasi ya makubaliano: nyuma yake imeandikwa kwamba usipopinga kabla ya adhuhuri, shemeji anahamia sebuleni.

Msidhani ni wahuni wa vichochoroni tu wanaofanya hivi. Wenye majengo ya vioo wameufanya mchezo huu miaka mingi. Machi 2008, watu waliokuwa na iTunes au QuickTime kwenye Windows walifunguliwa dirisha la sasisho la Apple, ndani yake mkiwamo Safari, kivinjari ambacho wengi wao hawakuwa nacho kabisa. Sasa kitu usichonacho kinasasishwaje? Tiki ilikuwa imeshawekwa. John Lilly, aliyekuwa akiiongoza Mozilla, alilalamika hadharani kwamba mwenendo huo unaua imani ya watu kwa masasisho. Naye alikuwa na kivinjari chake cha kutetea, Firefox, lakini mshindani naye husema kweli siku nyingine. Mwezi uliofuata Apple walitenganisha orodha, vipya huku na masasisho kule. Tiki ya Safari wakaiacha palepale.

Adobe nao, ukienda kuchukua Flash Player, walikuwa wakikuwekea na kikaguzi cha usalama cha McAfee. Lakini kombe nawapa Java. Mwanzoni mwa 2013 Java ilipatikana na matundu mabaya kiasi kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watu waizime kwenye vivinjari vyao. Oracle, wenye Java, wakatoa kiraka kwa haraka. Watu wakakimbilia kiraka, na humo humo wakakuta kisanduku chenye tiki cha kuwawekea mstari wa vitufe wa Ask, mtambo wa kutafutia mtandaoni. Mwandishi wa teknolojia Ed Bott alipouchunguza, akagundua kwamba baada ya wewe kumaliza, ule mzigo wa Ask ulikuwa ukijibanza dakika 10 hivi kabla ya kuanza kujiweka. Ukikimbilia orodha ya programu ili uufute, huuoni, bado haujafika. Ukirudi kwenye kazi zako, unaingia. Mtu mwema hangoji dakika 10 mlangoni mpaka mwenye nyumba ageuke.

Sababu ni pesa. Programu unapewa bure, na mwenye mzigo wa ziada humlipa mwenye programu kwa sababu mzigo wake umefika kwako. Kisha kila utakachotafuta kwa njia yake kitakuja na matangazo, na matangazo yana mlipaji. Wote wanakula. Wewe unachangia umeme na bando.

Na bando ni jambo zito. Wanaotengeneza mambo haya wanadhani dunia nzima ina intaneti ya bomba, inamwagika usiku kucha. Mwaka 2016, wakati Microsoft ikiwasukuma watu wa Windows 7 na 8.1 waingie Windows 10, watu wa mradi wa hifadhi ya Chinko, huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, walilalamika kwamba laptopu walizopewa kwa msaada zilikuwa zikijipakulia mfumo mpya kupitia satelaiti, kwa gharama ya kutisha. Watu wako porini wanafuatilia majangili, kompyuta inafuatilia Windows 10. Mwaka huohuo Microsoft walivuka na mpaka wa tiki: dirisha la kutangaza saa ya kuhamia lilikuwa na alama ya X pembeni, na ukiibofya kulifunga, ratiba ya kuhamia ilibaki vilevile. Kelele zilipozidi wakabadilisha, X ikarudi kuwa X. Mwanamke mmoja wa California mwenye biashara ya usafiri, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibikiwa kwa kuhamishwa, aliwashtaki akapewa dola 10,000. Sisi wa mtaani tunapewa pole.

Hasara kubwa, hata hivyo, haiko kwenye bando. Sasisho ni dawa. Matundu ni ya kweli, wezi ni wa kweli, na kinga ya kwanza ya mtu wa kawaida ni kukubali kiraka mara kinapotoka. Ukiweka shemeji ndani ya dawa, watu hawaachi shemeji, wanaacha dawa. Mama watoto nyumbani kwangu ametoa amri: "Baba, hiyo laptopu ikikuuliza lolote, sema hapana." Lolote! Na jirani zangu wengi wanaishi kwa amri hiyo hiyo, simu zao hazijaguswa na kiraka tangu zitoke kwenye boksi. Waliowafundisha kukataa ni wale wale wanaowahimiza kila siku wakubali.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya bahati nasibu iitwayo Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichowekwa tiki kabla mtumiaji hajafika si ridhaa. Kesi ilihusu vidakuzi vya tovuti, si programu za kubebeshwa. Lakini akili ni ileile, na haikuhitaji majaji: aliyenyamaza hajasema ndiyo.

Kwa hiyo nawaambia wenye kampuni: uzeni mnachotaka, tangazeni mnachotaka, ila kisanduku kileteni kitupu. Kama bidhaa yenu ni nzuri, nitaiwekea tiki mwenyewe, mkono ninao.

Na wewe msomaji, sasisho usilikimbie. Lipokee, lakini usibofye Endelea kabla hujashuka hadi chini ya dirisha. Ukiona njia mbili, moja "inayopendekezwa" na nyingine ya kujichagulia, fuata ya kujichagulia, kwa maana ile ya kwanza hawasemi inapendekezwa na nani. Na tiki usiyoiweka wewe, itoe.