Ukarimu wa Seneta
Mwaka 1946 Seneta J. William Fulbright wa Arkansas aliwapa Wamarekani sheria tamu: mali za jeshi zilizobaki ng'ambo baada ya vita ziuzwe, na fedha zisomeshe watu, ili mataifa yajuane na yaache kuchinjana. Malori na mahema ya kivita yakageuka ada. Wazo zuri, wala sina ubishi nalo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1956, seneta huyohuyo alitia saini tamko la wanasiasa wa Kusini la kupinga watoto weusi kuchanganywa na weupe shuleni. Yaani mwanafunzi wa kutoka ng'ambo karibu sana, tujuane. Mtoto mweusi wa Little Rock, mpiga hodi wa jimboni kwake, huyo angoje kwanza. (Hakungoja. Mwaka 1957 watoto tisa waliingia shule huko wakisindikizwa na askari wa jeshi.)

Mgeni anayesomeshwa kwa ufadhili huo wa Fulbright naye asijisahau. Akihitimu, masharti ya viza yanamtaka arudi kwao akae miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Tunakupenda, ndugu yetu, ila tunakupenda zaidi ukiwa kwenu.