Mawazo Manne Yaliyotikisa Kaskazini Mashariki (Namba Moja Mtaibishia)

Wazee wa Garissa, sogezeni vikombe vya chai ya maziwa ya ngamia, tunahesabu kurudi nyuma. Kipimo ni kimoja: wazo lilibadilisha maisha ya nani?

4. Pesa zifuate mvua. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulitaka fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi. Ukiwa na mvua, barabara. Ukiwa na jua, pole!

3. Somalia Kuu. Hapa tukae kidogo. Mei 1943 vijana 13 waliunda klabu Mogadishu, wakitaka Wasomali waache kugawanywa na koo. Klabu ikawa Somali Youth League, ikafika hadi huku, na mwaka 1948 Waingereza wakaipiga marufuku. Serikali nzima yenye bunduki, inaogopa klabu! Somalia ilipopata uhuru 1960, nyota ya bendera yake ilikuwa na ncha tano kwa maeneo matano ya Wasomali, na ncha moja ni sisi. Tume ya Waingereza ya 1962 ikakuta wengi hapa wanataka kujiunga nayo. London ikasikia, ikafanya lake: tukabaki Kenya. Vikazuka vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi 1967, sheria za hali ya hatari hadi 1991. Fahari tuliipata wote, ila gharama waliilipa wafugaji. Ndiyo maana naliweka la tatu, nuneni mpendavyo.

2. Ugatuzi. Katiba ya 2010 ilituletea magavana, pamoja na Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Anayevuka daraja la Tana kuelekea Nairobi bado husema "naenda Kenya". Basi na Kenya nayo ije kwetu, na pesa zile tuzidai hadi senti ya mwisho.

1. Soko la Wajir. Naam, soko! Koo zilipokuwa zikiuana mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia hapo: mwanamke yeyote auze na anunue kwa yeyote, wa ukoo wowote, na wakateua wa kusimamia. Aliyewahi kubishana bei na mama wa Wajir hashangai kwamba agizo lilishika. Kisha wakawaendea wazee na vijana, na mwaka 1993 wazee wakakubaliana Azimio la Al Fatah. Vijana wa 1943 waliukabili ukoo kwa bendera. Akina mama waliukabili kwa kibaba cha maziwa, na kamati ya amani iliyotokana na juhudi zao, wilaya nyingine za Kenya zikaja kuiiga.