Ukitoka Mulongo Kwenda Kupanda Treni

Kwanza kabisa, usiulizie stesheni Mulongo. Hakuna. Kuna mto Lualaba, kuna boti, kuna samaki wa kutosha. Reli imepita mbali upande wa juu na mbali upande wa chini, kama mkwe anavyokwepa mlango wa mama mkwe wake.

Haikuwa hivi siku zote. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1918 ikafika Bukama, ikakomea mtoni. Shehena ya kwenda Ziwa Tanganyika ilishushwa hapo, ikapakiwa kwenye meli, ikateremka mbele ya macho yetu mpaka Kabalo, ambako treni nyingine iliyokuwepo tangu 1915 iliipokea kuipeleka Albertville, ndiyo Kalemie. Enzi hizo Mulongo ilikuwa barabarani. Mwaka 1928 reli ikaendelea kupitia Kamina mpaka Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui. Mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo kwa nchi kavu, na meli zikanyang'anywa kazi. Ukimsikia mzee wa Mulongo akiisema vibaya treni ambayo hajawahi kuipanda, usimshangae.

Sasa safari. Anayekwenda Lubumbashi hupandisha mto mpaka Bukama kwa boti la mbao lenye mashine. Ukiambiwa linaondoka sasa hivi, tazama magunia: bado hayajajaa, basi sasa hivi yenyewe haijafika. Mtapita Malemba-Nkulu, kisha Ziwa Kisale. Huko kuna visiwa vya matete vinavyoelea, na watu wanaishi juu yake. Kisiwa ulichokiacha mkono wa kushoto mara iliyopita usikifanye alama ya njia. Huenda nacho kimesafiri.

Ukifika Bukama, mtafute shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, na umsalimie kwanza. Asiyesalimia hujibiwa kwa mabega.

“Jambo sana, papa shefu. Treni iko wapi?”

“Iko mu njia, mama.”

Usiulize njia ipi. Hajakudanganya: kati ya Ilebo na Lubumbashi, treni isiyokuwa njiani iko wapi? Kosa la mgeni ni kutoa simu mfukoni na kutaka atajiwe saa. Ratiba ipo kwa ajili ya heshima ya stesheni. Habari ya kweli wanayo akina mama wauza samaki, wenye ndugu zao Kamina wanaoliona behewa la mwisho likitoka kabla shefu hajapata taarifa. Wakiwa wamelala juu ya mizigo, nawe lala. Wakianza kukaza kamba za vikapu, nunua bukari yako, yaani ugali, upesi.

Kuna msomi mmoja katika kila foleni atakayekueleza kwamba tatizo ni reli nyembamba za wakoloni. Mwache amalize, kisha umwambie kuhusu Japani. Novemba 2017, kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka kituo cha Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati. Reli zake zina upana wa milimita 1067. Za Bukama nazo ni milimita 1067. Tofauti iko kwenye mataruma yanayobadilishwa na mishahara inayolipwa, na hayo mawili wafanyakazi wa reli ya Kongo wameyadai kwa miaka mingi. Habari hiyo ya sekunde 20 usimsomee shefu wa gare. Mtu amekesha.

Kuna jambo moja lisilo na mzaha. Treni ya mizigo ikipunguza mwendo, vijana watakuita urukie juu, bure au kwa pesa kidogo. Usipande. Machi 2022, huko Buyofwe mkoani Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba watu namna hiyo ilianguka, wakafa zaidi ya 60. Subiri ya abiria, hata ikichelewa siku.

Kurudi ni kwepesi kwa sababu mto unateremka nawe. Kigumu ni mizigo. Nahodha aliyekupandisha kwa tabasamu atakihesabu kila kifurushi ulichonunua Lubumbashi, na beseni jipya atalitoza kama mtu mzima. Patana naye ukiwa bado nchi kavu, beseni likiwa kichwani kwako.