Kila Mgeni na Gramu Zake

Gereji yangu hapa Columbus, Ohio, haina gari. Ina mifupa ya ndege: mabomba ya alumini, mbawa ambazo bado hazijavikwa kitambaa, na kiti kimoja. Sheria ya Marekani inasema ndege ndogo ya burudani, ya mtu mmoja, ikiwa tupu haijafika pauni 254, yaani kilo 115 na ushei, tangi lake lisizidi galoni 5 na mwendo wake uwe wa kiasi, haidaiwi usajili wala rubani wake hadaiwi leseni. Ikizidi hapo, karibu kwenye makaratasi.

Basi napambana na gramu. Bolti ikichomoza kwenye nati kuliko inavyotakiwa, natafuta fupi yake. Gundi ikivuja pembeni, naifuta kabla haijakauka. Mizani ya jikoni ilishahamia gereji, mke wangu kanunua nyingine na kaificha.

Bolti hazinisumbui. Wanaonisumbua ni watu wema.

Watu wetu hawaji mikono mitupu. Zamani walileta mkate wa sinia au kilo ya mchele. Tangu waione ndege, wanaleta vya ndege. Shemeji kaja na redio ya gari na spika zake mbili, eti huko juu nitapata upweke. Mzee mmoja tunayeswali naye kaleta kipande cha zulia, nisije nikakanyaga bati tupu kama mfungwa. Mama mkwe, kwa simu ya video kutoka Tanga, aliyatazama mabomba akauliza, "Mwanangu, mbona membamba hivyo? Tia chuma." Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini. Nikasema, "Sawa mama," kwani ningesemaje?

Hajatokea hata mmoja wa kuniambia, hiki kitoe.

Ukikataa zawadi wanakushangaa: nusu kilo tu hiyo! Kila mmoja na nusu kilo yake. Halafu kuna mkia. Kilo moja ukiitundika mkiani, ndege inalalia nyuma, nawe huna budi kutia risasi puani ili isawazike. Na kwa kuwa pua iko karibu na kitovu cha uzito kuliko mkia, kilo moja ya nyuma inadai kilo kadhaa mbele. Kwa hiyo taa za rangi ambazo binamu alitaka nizifunge mkiani, zipendeze jioni, zingekuja na ujira wake wa risasi.

Niliwaambia kwamba hata Dayton, saa moja na kidogo kwa gari kutoka hapa, Charlie Taylor alipowaundia akina Wright injini ya ndege ya 1903, bloku yake ilisubuliwa kwa alumini ili iwe nyepesi. Wakaitikia kwa adabu, wakamalizia chai. Nikawaeleza habari za Voyager, iliyoizunguka dunia mwaka 1986 kwa siku 9 bila kutua wala kuongezwa mafuta, Dick Rutan na Jeana Yeager ndani yake. Inasimuliwa kwamba Jeana alizikata nywele zake ndefu ili kupunguza uzito.

Hapo ndipo mke wangu aliponitazama tumboni. "Yeye alikuwa na nywele. Wewe kichwani hamna kitu, basi kata kwingine."

Nikamfahamisha kuwa sheria hupima ndege tupu, rubani hahesabiwi. Akanijibu kwamba sheria haibebi mtu, inayobeba ni injini. Sikuendelea na mjadala ule.

Nikajitia kueleza pia kwamba parachuti ya kuiokoa ndege yenyewe imesamehewa, haiingizwi kwenye zile pauni 254. Shemeji macho yakamwaka. Kumbe vya usalama havihesabiwi! Tangu hapo kila kitu ni cha usalama. Zulia ni usalama wa miguu. Redio ni usalama mkubwa, maana rubani aliye peke yake husinzia. Kishikio cha kikombe, je? Chai ikikumwagikia mapajani ukiwa juu, si utaachia usukani?

Jumamosi anakuja na rafiki yake anayeshona viti vya magari. Kanipigia kusema nisihangaike na chakula, watakuja nacho. Sponji pia ipo, unene wa kiganja, ya usalama.