Koa Katika Ramani, Kitufe Katika Ukurasa

Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ni ule unaomkabili mgeni kabla hajabofya chochote, na kwa mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuurekebisha, ukurasa huo hutakiwa kufanya kazi ambazo hazipatani. Unapaswa kumweleza asiyejua lolote kwamba mradi unahusu nini, kumpa mtumiaji anachokitafuta, kumshawishi mtaalamu aje kufanya kazi bila malipo, na papo hapo kumtuliza mfadhili anayetaka kujua fedha zake zimekwenda wapi.

Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004 ili watu wa kujitolea wachore ramani ya dunia nzima, umelitatua tatizo hilo kwa kuiweka ramani yenyewe mlangoni. Tanzania inaufahamu mradi huo hasa kupitia Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mitaani wakichora mifereji na nyumba ili mafuriko yasiendelee kuwakuta watu ghafla. Ugumu ni kwamba mgeni anayeikuta ramani mlangoni hudhani kwamba ni ya kutazamwa tu. Hutafuta duka fulani la Tabora mjini, hulikosa, hulaumu, kisha huondoka bila kutambua kwamba angeweza kuliongeza yeye mwenyewe. Kipo kisanduku cha kumkaribisha na kumweleza hayo, lakini mgeni hukifunga kwanza, kwa kuwa kimeiziba ramani. Mwaka 2013 kilianzishwa pia chombo cha kubandika maelezo mahali penye kosa hata kwa asiyejisajili, nacho kimepokea marekebisho mengi ya maana, pamoja na maelezo ya watu walioona ni vyema kuujulisha ulimwengu kwamba hapo ndipo nyumbani kwao.

Haidhuru kukumbusha kwamba Tabora ililijua mapema tatizo hili la ramani yenye kosa. Katikati ya miaka ya 1850, wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa na makazi karibu na Mombasa, walichora ramani ya bara kwa kusikiliza habari za watu wa misafara, wakaweka katikati yake ziwa moja kubwa mno lenye umbo la koa, yule konokono asiye na gamba. Mbunifu yeyote wa kurasa angelipenda ziwa lile: lilikuwa moja, lilionekana kwa mbali, na halikumchanganya mtazamaji kwa mambo mengi. Kasoro yake ilikuwa kwamba halikuwapo. Burton na Speke, waliotumwa kutoka London kulitafuta, walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyokuja kuwa Tabora, mnamo Novemba 1857, na mwenyeji wao, Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, akawaeleza kwamba maji hayo ni maziwa matatu mbalimbali: Nyasa, lile la Ujiji, na la Ukerewe kaskazini. Kwa istilahi za leo, Snay aliripoti hitilafu, na yakafuata yale yafuatayo kila mara katika miradi huria: aliyeripoti alibaki katika tanbihi, sifa zikamwendea Speke aliyekwenda kuthibitisha mwaka 1858, na ziwa la kaskazini likapewa jina la malkia ambaye hakuwa amechangia hata mstari mmoja.

Pendekezo la kubadili ukurasa linapofikishwa mbele ya wachangiaji, ambao kwa kawaida hawana bosi, hutimia lile alilolieleza C. Northcote Parkinson katika miaka ya 1950, kwamba kamati itapitisha mtambo wa nyuklia bila maswali na kubishana kwa muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa sababu banda kila mtu analielewa. (Mfano huo unafaa kutumiwa kwa uangalifu mbele ya watu wa Tabora, ambako baiskeli ni chombo cha kazi na banda lake si jambo dogo.) Hivyo mabadiliko ya hifadhidata hupita kimya kimya, ilhali kitufe cha kupakulia huwagawa watu wazima katika kambi ya kijani na kambi ya buluu, na mtu ambaye hajachangia chochote tangu mradi uanze huibuka na hoja ndefu kuhusu mviringo wa pembe zake.

Ukurasa mpya, uliobuniwa kwenye kioo kipana na intaneti ya ofisini, hatimaye hufunguliwa na mtu aliyesimama juani kwenye stesheni ya Tabora akiwa na simu yenye ufa na bando linaloelekea kwisha. Picha kubwa ya vijana wanaoichekea kompyuta hutangulia kushuka. Baada yake huja ombi la kukubali vidakuzi. Kitufe kilicholeta ugomvi hakifiki kabisa. Stesheni hiyo ingeweza kuwafundisha wabunifu, maana hapo ndipo reli ya kati, iliyofika mwaka 1912, inapoachana na njia ya Mwanza, na kwa miaka mingi treni iliyotoka Dar es Salaam ilikatwa hapo, mabehewa mengine yakaenda kaskazini na mengine Kigoma. Abiria aliyekwenda kupiga soga katika behewa la jirani bila kusoma kibao angeweza kujikuta Urambo, huku begi lake likielekea Mwanza. Ukurasa wa mwanzo una kazi hiyohiyo ya kuwatenganisha wageni, ila vibao vyake huwekwa chini kabisa kwa maandishi ya kijivu, kwa kuwa kamati iliona vinaharibu sura.

Malalamiko hufika siku hiyohiyo. Ili kuwaliwaza wazoefu, kamati huweka kiungo cha kurudia ukurasa wa zamani, kwa muda tu, na kiungo hicho hukutwa bado kipo miaka kadhaa baadaye, kikiwa ndicho kitu pekee katika ukurasa mzima ambacho hakuna aliyewahi kupendekeza kibadilishwe rangi.